Kurasa Nilizozisoma Bure

Nakuru, Jumamosi alasiri

Nekesa mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kumuaga dada yangu, senge yako, kule Shabab, na umesema utarudi kabla ya giza. Sanduku lako liko hapa mlangoni limeshafungwa. Nimeliinua kidogo kuona uzito wake, nikalirudisha chini. Mambo ya blanketi na dawa ya mbu na watu wa kuogopa huko mjini Eldoret sitakuandikia. Hayo senge yako anakueleza wakati huu huu, na anayajua kunishinda. Mimi nina jambo moja tu. Nimekaa nalo karibu mwaka mzima, na ukiondoka kesho bila kulisikia, najijua, sitalisema tena.

Januari uliniuliza swali. Mji ulikuwa umefungwa kwa amri ya kutotoka nje, watu wa Kuresoi waliokimbia ghasia wanalala kwenye uwanja wa maonyesho, na sisi wawili tumekaa humu ndani siku nzima bila la kusema. Siku ile mchana yule mwenzangu wa kiwandani, Wafula, alikuwa amepita kutupa pole ya msiba wa mama yako kwa mara ya pili. Katika kuongea akasema, "Hata mwaka jana mzee alikuwa na bahati, stoo tulikuwa tunafunga saa kumi kamili, anapata muda wa mgonjwa." Ulikuwa unaosha vyombo. Nilisikia vyombo vimenyamaza.

Alipoondoka ukaja ukasimama hapo mlangoni. "Baba, kama mlikuwa mnafunga saa kumi, ulikuwa unaenda wapi mpaka saa moja?"

Nikakujibu, "Kuna mambo ya wazee."

Najua ulichofikiria, kwa sababu senge yako alikuwa amekwisha kukifikiria na kukisema: kwamba nilikuwa na mtu mjini, na mke wangu kitandani. Niliacha ufikirie hivyo. Unaweza kushangaa mwanamume akubali kuitwa malaya na mtoto wake mwenyewe kuliko kusema alikuwa akisoma vitabu. Lakini ningesema vitabu, ungeuliza vitabu gani, na baada ya hapo ningelazimika kusema yote.

Basi nianze na Juni ya mwaka jana. Mama yako alikuwa ameanza kukwamwa na ugali tangu Machi, ukaja mkate, ukaja hata wali. Tulipoitwa kuchukua majibu hospitalini, daktari alitueleza kwa Kiingereza, taratibu tu, wala hakuwa mtu mbaya. Alisema ni kansa ya koo la chakula. Akaeleza mambo mengine mengi, kisha akaniangalia mimi akauliza, "Una swali lolote?" Nikasema sina. Mama yako akaniangalia. Nilikuwa na maswali kama ishirini, mwanangu. Lakini mimi ni mtoto wa mfanyakazi wa reli, nimelelewa kwenye landi, zile nyumba za wafanyakazi, na baba yangu alitufundisha kwamba ukiwa mbele ya mtu mwenye koti jeupe unasema asante unatoka. Nikasema asante nikatoka. Mama yako akanifuata nyuma. Mpaka tunafika nyumbani hakuna aliyetaja lile neno.

Kesho yake nilipotoka kazini nikaingia saiba, duka la kompyuta za mtandao, la Madam Shamim, ile iliyo nyuma ya soko, yenye duka la madaftari upande mmoja. Unamjua kwa kuwa ndiko tulikokuwa tunanunua vitabu vyako vya shule ya msingi. Nilimwambia natafuta kitabu cha ugonjwa fulani. Hakuuliza ni nani mgonjwa. Alikuja akasimama nyuma ya kiti changu, akaandika kwenye kompyuta, likafunguka duka la vitabu la mtandaoni, la ng'ambo. Majalada yakatokea, moja, mawili, mistari mitatu ya majalada.

"Mzee, bonyeza hapo juu ya picha ya kitabu," akasema. "Wanakuonyesha ndani."

"Bila kununua?"

"Bila kununua. Mimi nafanya hivyo na vitabu vya watoto kabla sijamwambia ndugu yangu aagize. Lakini hawakuonyeshi kurasa zote. Wanakuonjesha tu."

Ndivyo nilivyoanza. Kurasa zilikuwa zinashuka polepole kwenye kioo, kipande kwa kipande, unasubiri mstari wa mwisho uje ndipo usome. Unapewa jalada, unapewa yaliyomo, unapewa kurasa za mwanzo ambazo mara nyingi ni mwandishi kumshukuru mkewe. Kisha unafika mahali pameandikwa kwamba kurasa zinazofuata hazionyeshwi. Madam Shamim alinifundisha njia nyingine: kuna kisanduku, unaandika neno, "kumeza" kwa mfano, kwa Kiingereza, na kitabu kinakutajia kila ukurasa wenye neno hilo. Baadhi ya hizo kurasa zinafunguka, hata kama ziko katikati ya kitabu. Nyingine hukataa. Ukizidi kufungua, duka linakwambia umefika mwisho wako, na Madam Shamim ananihamishia kompyuta nyingine naanza upya. Nilinunua daftari kwake, nikawa nanakili. Karani wa stoo hajui kazi nyingi, lakini kunakili anajua.

Nilikuwa naingia saa kumi na robo natoka saa moja kasoro. Kila siku ya kazi, Juni mpaka mwanzo wa Oktoba.

Nataka ujue kwamba si kila kitu kilikuwa cha bure. Yale matofali mawili uliyoyakuta chini ya kitanda cha mama yako upande wa kichwa, niliyatoa kwenye ukurasa mmoja uliokubali kufunguka. Mama yako aliuliza, "Nani amekufundisha haya?" Nikasema mtu wa kazini. Usiku huo hakukohoa sana. Asubuhi alisema, "Mshukuru huyo mtu wako." Kidogo nimwambie hapo. Ilikuwa rahisi sana kumwambia hapo.

Lakini kuna chai.

Likizo ya Agosti ulipokuja nyumbani, siku ya pili tu ulimpikia mama yako chai ya maziwa, ile nzito anayoipenda, ukaipoza vizuri, ukamletea na kijiko. Mimi nikaingia nikakichukua kile kikombe mkononi mwake. Ulisema, "Baba, anaweza kumeza hii, nimemwona." Nikasema, "Hakuna maziwa katika nyumba hii." Ukauliza nani amesema. Nikajibu, "Mimi nimesema." Mama yako akasema, "Acha, Nekesa," akageukia ukuta. Mlikunywa strungi, chai isiyo na maziwa, wote wawili likizo nzima, wewe kwa kumfuata yeye.

Nilichokuwa nimesoma kilikuwa ukurasa mmoja. Ulianzia katikati ya orodha, vitu vya kuepuka, na maziwa yalikuwa ya tatu. Ukurasa wa kabla yake haukuonyeshwa, wala wa baada yake. Nilinakili ile orodha jinsi nilivyoikuta, nikaja nayo nyumbani kama sheria. Mwisho wa Septemba, ulipokuwa umerudi shule, nilimpeleka kliniki, na dada mmoja muuguzi akamwuliza anakula nini. Mama yako akataja uji, supu, strungi. Muuguzi akasema, "Na maziwa je? Wewe ndiye unayehitaji maziwa kuliko wote." Nikasema nimesoma kwamba maziwa hapana. Akaniuliza nimesoma wapi, nikaeleza ile orodha, akafikiri kidogo akasema, "Hiyo ni ya watu waliofanyiwa upasuaji, mzee. Mama hajafanyiwa upasuaji. Si ungetuuliza?"

Aliuliza kwa upole. Tukiwa njiani mama yako akasema tu, "Tupitie dukani tununue maziwa." Alikuwa bado anaweza kumeza chai kwa siku chache baada ya hapo. Chache sana. Wiki zote zile alizoweza vizuri, mimi nilimnyima kwa nusu ya habari.

Wewe unakwenda kusomea uuguzi. Huko kuna maktaba na kompyuta, na najua utazitumia kuliko nilivyozitumia mimi, na huenda utaingia kwenye maduka hayo hayo uangalie kurasa za kitabu kabla hujamwomba mtu akuagizie. Fanya hivyo, ni jambo zuri, mimi silichukii. Ila siku moja atakuja mbele yako mwanamume amekunja karatasi mfukoni, na ukimwuliza ana swali atasema hana. Tafadhali usimwache aondoke. Mpe kiti.

Sasa nifike kwenye lile lenyewe.

Kabla ya siku ile ya kliniki, wiki ya kwanza ya Septemba, ulipokuwa umetoka kurudi shule kule Keringet, niliandika kwenye kile kisanduku neno ambalo nilikuwa nimelikwepa miezi mitatu. Niliandika "muda". Kitabu kikanipa kurasa nyingi, nyingi zimekataa, moja ikafunguka. Ilishuka polepole kama kawaida yake. Ilizungumzia watu wa hali kama ya mama yako, na ilihesabu kwa miezi. Nikahesabu nyuma mpaka Machi. Madam Shamim aliniona nimekaa bila kugusa kitu, akaja, akasoma juu ya bega langu, hakujifanya hajasoma.

"Mzee, tuagize hicho kitabu chote," akasema. "Ndugu yangu ana kadi. Labda mbele wanaeleza vizuri zaidi."

"Kitachukua muda gani kufika?"

"Wiki sita. Pengine nane."

Nikasema acha tu. Ndipo nilipojua, Nekesa, kwamba nimeamini. Mtu anayekataa kitabu kwa sababu ya wiki nane amekwisha kuamini.

Huo ndio ulikuwa wakati wa kukuita. Ulikuwa na wiki saba kabla ya mtihani. Ningeweza kupanda Keringet Jumamosi yoyote nikakuleta ukae naye siku mbili. Sikufanya. Nilijiambia utavurugika, utaanguka mtihani, na mama yako hakuteseka yote yale ukiwa sekondari ili uanguke dakika ya mwisho. Hayo yalikuwa kweli. Lakini kulikuwa na kweli nyingine chini yake: kama ningekuleta ningelazimika kukwambia kwa nini, na nikikwambia wewe, yeye naye angejua kwamba najua. Nilikuwa naogopa mke wangu asinione nimeogopa.

Mapema Oktoba nikarudi nyumbani saa moja nikamkuta ameketi kitandani, taa imewashwa, na lile daftari liko mapajani mwake. Nilikuwa nalificha ndani ya koti la mvua. Alikuwa ametafuta koti ajifunike miguu.

"Huu mwandiko naujua," akasema. Sauti yake ilikuwa imeshakuwa ndogo, unaikumbuka. "Ndiyo kazi ya ofisini hii?"

Nikasema ndiyo.

"Miezi yote hii?"

"Ndiyo."

Akafungua katikati. "Nisomee. Macho yamechoka, na hiki Kiingereza chako kimebanana." Nikakaa nikamsomea, natafsiri ninavyoweza. Nilipofika ule ukurasa wa Septemba nikasita, akasema, "Soma tu. Hapo nimeshajua tangu Julai." Nikasoma. Nilipomaliza akaniambia maneno ambayo nayasikia mpaka leo nikiwa stoo peke yangu.

Alisema, "Baba Nekesa, umeenda kuuliza watu wa ng'ambo huu ugonjwa ukoje. Mimi nilikuwa hapa. Mimi ndiye ninaumwa. Hukuniuliza hata siku moja."

Alikuwa peke yake mpaka saa moja kila siku, anaangalia ule mlango, na mimi niko mtaa wa tatu nasoma habari zake kwenye kioo. Nilidhani nampigania. Yeye alidhani namkimbia. Sasa sina hakika ni nani kati yetu aliyekuwa sahihi.

Sikurudi saiba tena. Kuanzia siku ile nilikuwa natoka kazini moja kwa moja, saa kumi na nusu niko nyumbani. Tulipata wiki nne na siku kadhaa. Namwuliza, ananiambia. Alinieleza maumivu yanaanzia wapi na yanakwenda wapi. Alinieleza mambo ya utotoni mwake ambayo sikuyajua katika miaka ishirini ya ndoa. Tulicheka pia, usifikirie hatukucheka. Zilikuwa siku nzuri, na hapo ndipo kosa langu kwako linapokuwa kubwa, kwa sababu nilizipata mimi peke yangu, na hazikuwa zangu peke yangu.

Novemba nilipokuja Keringet na pikapu ya jirani kukuchukua, ulikuwa umetoka kumaliza karatasi ya mwisho. Mama yako alikuwa na siku tisa mochari. Mwalimu mkuu nilikuwa nimempigia siku ile ile aliyofariki mama yako, nikamwomba usiambiwe mpaka umalize, na nikwambie ukweli usimlaumu, aliniuliza mara mbili, "Baba, una hakika? Huyu ni msichana mkubwa." Nilimwambia nina hakika. Ulipanda mbele ukicheka, ukaniuliza kama mama ameweza kula. Nilisimamisha gari baada ya lile daraja ndipo nikakwambia. Ulipoweza kuongea, ulisema neno moja, "Kwa nini?" Nikajua hukuwa unamwuliza Mungu. Ulikuwa unaniuliza mimi kwa nini hukuitwa.

Nikakujibu, "Mama yako alitaka umalize mtihani kwanza. Alisema usiambiwe."

Uliliamini lile neno. Nimekuona ukiliamini miezi kumi. Nilikuona tulipomzika nyumbani, ulivyosimama mbali kidogo na kaburi kama mtu aliyekosewa. Senge yako alisema ni mshtuko. Mimi nilijua unamkasirikia. Unamkasirikia mama yako kwa kuchagua mtihani badala yako, na huwezi kumwambia mtu, kwa sababu nani anamkasirikia marehemu. Picha yake uliitoa chumbani kwako ukasema fremu imelegea. Sikukuuliza.

Hakusema hivyo, Nekesa. Hilo ni neno langu, nililitunga barabarani mikono ikiwa kwenye usukani.

Alikuita. Ile jioni ya daftari, baada ya yale aliyoniambia, kitu cha kwanza alichosema ni, "Nataka mtoto wangu. Nenda Jumamosi umlete." Nikasema mtihani umekaribia. Wiki iliyofuata akasema tena, "Hata siku moja tu. Aje alale hapa, arudi Jumapili." Nikasema avumilie, ni wiki chache. Mara ya tatu ulikuwa umeshaanza mtihani, naye alikuwa haongei zaidi ya maneno mawili matatu. Alisema, "Nekesa amekuja?" Nikasema, "Yuko njiani." Akaridhika. Alikufa siku ya tatu yake, alfajiri, akiamini uko njiani.

Sikuandikii haya ili unisamehe. Ukinisamehe nitafurahi, usiponisamehe nitaelewa, na hilo ni lako, chukua muda wako. Nakuandikia kwa sababu uliondolewa kitu, kisha ukaambiwa aliyekiondoa ni yeye. Sitaki uende kuwa mtu mzima huku unadhani mama yako aliweza kufa bila kukutaka. Alikutaka kila siku. Alikuwa anasikiliza redio ya jirani saa moja jioni kwa sababu alisema ndiyo saa mnayoingia prepo, masomo ya jioni, basi anajua uko wapi.

Mwanzoni nilikuwa nimepanga kukupa barua hii kesho steji, gari likiwa limeshajaa, ili uisome ukiwa umefika Timboroa na mimi nimerudi zangu nyumbani. Nimeandika mpaka hapa nikaona hiyo ni tabia ile ile yangu ya zamani. Kwa hiyo nitakupa leo, mkononi, ukirudi. Isome chumbani au isome hapa mezani, mimi nitakuwa jikoni. Ukitaka kuniuliza, uniulize nikiwa mbele yako. Sitasema ni mambo ya wazee. Ukitaka kupiga kelele, piga. Na kama hutataka neno lolote, kesho saa kumi na mbili nitabeba sanduku lako mpaka steji, nilipakie, nisimame hapo mpaka gari litoke.

Kuna mtu anafungua geti. Ni wewe, nakujua kwa hatua. Naacha kuandika.

Baba yako